Pakeji au spliti? Hesabu funguo kwanza

Juzi mama mmoja mwenye jengo la ghorofa tatu Sinza alinipigia simu. Ameletewa karatasi mbili za bei za AC, moja inasema pakeji, nyingine inasema spliti, na tofauti ya pesa kati yake inatosha kununua gari dogo. "Fundi, niambie tu ipi nzuri." Nikamuuliza, "Mama, jengo lako lina funguo ngapi?" Akacheka, akadhani namletea utani wa mafundi.

Sikuwa natania. Nafunga AC hapa Dar es Salaam tangu 2003, nilianza kama saidia fundi wa kubeba roli za kopa begani, na majengo mengi niliyoitwa kuyarekebisha hayakuharibiwa na mashine mbovu. Yaliharibiwa siku ya kwanza, pale mwenye jengo alipouliza bei ya mashine kabla ya kuuliza nani anafungua mlango upi, saa ngapi, na nani analipa umeme wa LUKU.

Wenzetu wa kwenye baridi, Njombe na Makete, wanaweza kuishia hapa, hawa wana shida ya majiko, si ya AC. Sisi wa pwani tuendelee.

Kinachosafiri

Pakeji ni kabati moja lenye kila kitu: kompresa inayosukuma gesi, kondensa inayotupa joto, koili ya ubaridi na feni. Linakaa nje, juu ya paa au pembeni ya jengo, na kinachoingia ndani ni hewa tu, inapita kwenye dakti za bati mpaka kwenye matundu ya dari. Gesi yake imejazwa na kufungwa kiwandani. Spliti ni mashine mbili, ya ndani na ya nje, zimeunganishwa kwa mabomba mawili ya kopa, nyaya na bomba la kutoa maji. Kwa hiyo kwenye pakeji kinachosafiri ni hewa, kwenye spliti kinachosafiri ni gesi. Shika hilo moja, mengine mengi yatajieleza yenyewe.

Hewa ikisafiri, inahitaji nafasi. Dakti kuu ya duka la kawaida inataka nusu mita ya uwazi juu ya dari, na dari zetu nyingi za jipsamu hazina hata sentimita 30. Gesi ikisafiri, inahitaji maungio mazuri. Spliti moja ina maungio manne ya kopa yanayokazwa kwa spana na mkono wa mtu. Ukifunga spliti 12 umetengeneza maungio 48, na kila moja ni mahali ambapo gesi inaweza kutoroka kama kijana wako alikuwa na njaa siku ile.

Rudi kwa mama wa Sinza. Jengo lake lina maduka chini, saluni na duka la dawa juu yake, halafu ofisi za watu mbalimbali. Tulihesabu pamoja kwenye simu: funguo 11, mita za LUKU 11. Saluni inafunga saa nne usiku, ofisi ya wahasibu saa kumi na moja jioni, duka la dawa Jumapili lipo wazi. Hapo hakuna mjadala, ni spliti, kila mpangaji na yake, kila mtu na luku yake. Mpangaji akihama anaondoka na mashine zake, anakuachia matundu ukutani, basi.

Niliona kinyume chake kwenye jengo moja la Ilala. Mwenye nyumba aliweka pakeji moja kwa kila ghorofa wakati ghorofa zilikuwa kumbi tupu. Baadaye akazikata kwa kuta za jipsamu, akapata ofisi sita kila ghorofa. Themostati ya ghorofa ya pili ikaangukia chumba cha mwanasheria mmoja mwenye dirisha la kivulini. Chumba chake kikipoa, mashine inapumzika, na watu wa upande wa magharibi wanaoka. Siku niliyoitwa "AC haizimi", nilikuta kikombe cha chai ya moto kimewekwa kwenye kijirafu chini ya themostati. Wale wa magharibi walikuwa wamemhonga mfagizi awe anakibadilisha kila saa. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Duka la mlango mmoja

Sasa chukua supamaketi niliyoshughulikia barabara ya kwenda Tegeta. Ukumbi mmoja wa mita 12 kwa 25, mlango mmoja, mita moja ya LUKU, saa za kazi zilezile kila siku. Mtangulizi wangu alikuwa amefunga spliti 12 za ukutani, kila moja BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kwa hesabu alikuwa sahihi: jumla ni BTU 216,000, yaani tani 18, kwa kuwa tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa. Hesabu ya mtaani tunayotumia Dar kwa maduka ni BTU 600 hadi 800 kwa mita ya mraba. Mita 300 mara 700 unapata 210,000. Hakukosea.

Alikosea mahali. Spliti za ukutani hupoza ukuta na mita tano sita mbele yake, na katikati ya duka, penye makaunta ya kulipia na wateja waliosimama, ubaridi ulikuwa haufiki. Kisha maji. Hewa ya Dar mwezi wa tatu ina unyevu wa kutosha hata mashine ya BTU 18,000 ikichuruzisha lita mbili kwa saa. Zidisha kwa 12. Mabomba ya maji yalipita nyuma ya rafu, moja likaziba kwa utando, na maji yakashuka kimyakimya kwenye magunia ya mchele kwa wiki nzima kabla ya mtu kusikia harufu. Kila sevisi ilikuwa kuhamisha rafu, kupanda ngazi, kufungua filta, mara 12, usiku, wateja wakiwa wameondoka.

Tuliondoa zote. Nyuma ya jengo palikuwa na uwazi, tukamwaga jukwaa la zege, tukaweka pakeji mbili za tani 10. Mbili, si moja ya 20. Moja ikizimika, nyingine inashikilia duka lisigeuke tanuri mpaka kipuri kifike, na vipuri vya mashine kubwa hapa nchini vinaweza kuchukua wiki kadhaa. Asubuhi na usiku inawaka moja tu. Filta zote ziko nje, kijana anazisafisha saa nne asubuhi duka likiwa wazi na hakuna anayemwona.

Hapo hapo nikuonye kuhusu ukubwa. Kuna tabia ya kusema "ongeza tani mbili za usalama". Mashine iliyozidi inafikia nyuzi ulizoweka haraka, inazima, halafu inawaka tena baada ya dakika chache. Joto inalitoa, unyevu haina muda wa kuutoa. Unapata chumba cha baridi chenye majimaji, karatasi zinajikunja na ukuta unaota ukungu. Usikisie. Hesabu watu, vioo, taa na friji. Mtu aliyekaa anatoa wati 130 hivi za joto na unyevu. Kwenye ukumbi wa harusi wa watu 300 hizo ni kilowati 39, tani 11 kabla hujahesabu jua, taa wala mapambo. Kioo kinachotazama magharibi ndicho adui mkubwa. Mapazia ya shilingi 200,000 yanaweza kukuokoa tani nzima.

Na hewa safi. Spliti ya ukutani inazungusha hewa ileile ya chumbani, haileti mpya. Ofisi ya watu watatu wanaofungua mlango kila mara haina tatizo. Darasa, kanisa, ukumbi wa mikutano, watu wanaanza kusinzia saa ya pili na wanamlaumu msemaji. Pakeji ina mlango mdogo wa kuvuta hewa ya nje na kuichanganya. Sisi huuacha wazi kati ya asilimia 10 na 20. Usiufungue wote ukidhani unawafanyia watu hisani, maana hewa ya nje ya Dar inakuja na joto lake na maji yake, na mashine itashindwa.

Shimo la Kariakoo

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja na bado watu wanalirudia.

Majengo ya Kariakoo yamebanana, kwa hiyo wachoraji huacha shimo la hewa katikati, mita mbili kwa tatu hivi, kutoka chini mpaka juu. Kila mpangaji anafunga mashine yake ya nje mle. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto. Zikiwa 30 au 40 ndani ya shimo moja, joto la ghorofa ya kwanza linapanda na kuingia kwenye mashine ya ghorofa ya pili, ambayo inaongeza lake na kuipelekea ya tatu.

Niliwahi kushusha kipima joto kwa kamba ndani ya shimo kama hilo, saa nane mchana. Chini nyuzi 34. Ghorofa ya tatu, 41. Ya sita, 49. Wapangaji wa juu walikuwa wameshabadilisha mafundi watatu, kila mmoja anaongeza gesi, na gesi ikizidi ndiyo presha inapanda vibaya zaidi. Mashine zilikuwa zinatripu kuanzia saa sita mchana na kuamka zenyewe magharibi jua likitua, kama popo.

Tulichofanya: ghorofa tatu za juu mashine zao zikapanda juu ya paa. Ghorofa za chini zikahamia kwenye roshani za mbele. Kwa zile za katikati tulikwama. Spliti ndogo nyingi zinaruhusu bomba la mita 15 hadi 20 tu, na kimo kati ya ndani na nje nacho kina kikomo chake; vyote vimeandikwa kwenye kitabu cha mashine ambacho hutupwa pamoja na boksi. Gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha mita tano hivi za bomba. Kila mita ya ziada inataka gramu zake, 15 mpaka 30 kutegemea unene wa bomba, zipimwe kwa mizani, si kwa kusikiliza mlio.

Kwa hiyo ukiniambia unataka spliti, swali langu la kwanza ni utaziweka wapi za nje. Nionyeshe kwa kidole. Kama huna jibu, huna spliti bado. Mji Mkongwe wa Zanzibar ndiyo kabisa: eneo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na huwezi kutundika mabati mbele ya jengo bila kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Na ukiniambia unataka pakeji, nionyeshe paa. Pakeji ya tani 10 za ubaridi ina uzito wa nusu tani hivi. Paa la bati juu ya mbao halibebi. Paa la zege sawa, lakini mhandisi wa jengo aseme kwa maandishi, na uulize kreni itasimama wapi. Kuna mtaa tulifika na kreni alfajiri, tukakuta nyaya za umeme zimevuka barabara kimo cha mkono wake. Tulirudi nayo. Siku nzima ya kreni ililipwa kwa kutazama nyaya.

Umeme, chumvi na gesi

Spliti za kawaida zinatumia umeme wa njia moja (single phase). Pakeji za biashara zinataka njia tatu. Kama jengo lako halina, gharama ya kuomba na kuvuta iwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Na ukiwa na spliti nyingi, zigawe sawasawa kwenye njia tatu; nimekuta mashine tisa upande mmoja na mbili upande mwingine, na waya wa kati (nyutro) una joto la kuchemshia uji.

Pakeji zina ugonjwa wao. Kompresa nyingi za siku hizi ni za skroli, na skroli inazunguka upande mmoja tu. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi inazunguka kinyume. Ilinitokea kwenye ukumbi mmoja baada ya fundi umeme kuunganisha jenereta mpya. Kompresa ililia kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto, na geji zangu mbili za presha zikasimama karibu namba ileile, kumaanisha hakuna kinachosukumwa. Tuliiwahi. Rilei ya kulinda njia za umeme ingeizuia isiwake kabisa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa. Iandike kwenye oda.

Jenereta nayo inaamua mambo. Pakeji za jumla ya tani 20 zinakula karibu kilowati 25 siku ya joto, na kompresa inapowaka bila kifaa cha kuilainisha huvuta ampea mara tano hadi saba. Kwa spliti, umeme ukikatika unachagua: chumba cha seva na cha bosi viwake, wengine wafungue madirisha. Mwenye jenereta ndogo na ndoto kubwa afikirie hapo.

Chumvi: Masaki, Kunduchi, Kigamboni, popote unaposikia mawimbi usiku. Mapezi ya alumini ya koili yasiyopakwa dawa yanaisha ndani ya miaka mitatu minne. Unayagusa kwa kidole yanageuka unga mweupe. Agiza koili iliyopakwa kinga kiwandani, na ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, kwa mpira wa kawaida, si mashine ya presha inayolaza mapezi. Ufukweni mimi huegemea spliti hata pale hesabu ya funguo inaposema pakeji, kwa sababu kutu ikila spliti imekula mashine ya nje ya chumba kimoja. Ikila pakeji imekula kabati zima, mpaka sinia la maji na skrubu za feni.

Gesi kwa kifupi. Ukiona mashine ya R22, gesi ya zamani, iwe mtumba kutoka Dubai au "mpya ya stoo", iache. Chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeachana nayo kufikia 2030, kinachobaki ni kiasi kidogo cha matengenezo, na bei utaiona mwenyewe. R410A bado ipo kila mahali. Presha yake ni kama mara 1.6 ya R22, kwa hiyo fundi mwenye geji za zamani asikuguse. R32 haichafui hali ya hewa kama R410A lakini inaweza kushika moto, kwa hiyo usikubali mtu alehemu bomba ambalo bado lina gesi.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi: spliti ya dakti. Mashine ya ndani inajificha juu ya dari na kugawa hewa kwa dakti fupi, ya nje inakaa mbali. Kwa ghorofa ya ofisi yenye mpangaji mmoja, au mgahawa wa meza 30, mara nyingi ndiyo jibu. Kaseti, yaani spliti zinazokaa darini, nazo zinafaa pale katikati ya chumba panapohitaji ubaridi. Mama wa Sinza amechukua kaseti kwa duka kubwa la chini na spliti za ukutani kwa wengine wote.

Kabla ya awamu ya mwisho ya malipo

Karatasi ya bei nzuri inataja urefu wa bomba, unene wa insulesheni (kifuniko cha kuzuia joto), njia ya maji inaishia wapi, na dakti zimefungwa kwa kitu gani. Insulesheni usiibanie. Miezi ya joto hapa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 kinatoa jasho, na hewa ndani ya dakti iko kwenye 13 hivi. Sehemu moja iliyoachwa wazi, ukubwa wa kiganja, itakuchorea ramani ya Afrika kwenye jipsamu kabla ya Krismasi.

Uliza pia kama watavuta vakyumu kwa pampu, yaani kunyonya hewa na unyevu ndani ya mabomba, na kupima kwa geji ya maikroni, ishuke mpaka 500 na ikae. Fundi anayekwambia atasafisha bomba kwa kuachia gesi kidogo, mshukuru kwa muda wake.

Siku ya kukabidhi nenda saa nane mchana, si asubuhi. Acha mashine ziwake saa nzima, milango imefungwa. Pima hewa inayoingia kwenye mashine, kisha inayotoka. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Kwa pakeji usipime tundu la kwanza lililo karibu na feni, hilo daima ni zuri. Panda ngazi kwenye tundu la mwisho kabisa, lile la kona ya choo, na upime pale. Mwaga lita mbili za maji kwenye sinia la kila mashine ya ndani, kisha toka nje ukaone kama yanatoka.